Fundi Cherehani wa Mpakani: Historia ya Nguo za Sherehe katika Buteba, Busia na Tororo

Buteba ni gombolola, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya kaunti, katika Wilaya ya Busia mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya na katikati ya barabara kuu mbili zinazouvuka mpaka huo, moja ikipitia mji wa Busia na nyingine ikipitia Malaba kuelekea Tororo. Nguo za sherehe, kwa maana inayotumika hapa, ni mavazi yanayoshonwa, kununuliwa au kukodiwa kwa ajili ya siku maalumu ambayo mvaaji hutazamwa na watu wengi: Krismasi, komunyo ya kwanza, arusi, utambulisho wa mchumba, mahafali na, katika miongo ya karibuni, karamu ya kuwaaga wanafunzi wanaomaliza sekondari, ambayo shule nyingi za Uganda huiita promu. Karibu kila vazi la namna hii liliingia eneo hili kutoka kwingine, lakini hakuna lililobaki kama lilivyoingia, kwa kuwa baina ya kitambaa na mvaaji alikuwapo fundi cherehani aliyelikata, kulibana, kuliachia na kuliongeza mpaka likakubalika machoni pa wazee, pa kanisa na pa wasichana wenyewe. Kwa sababu hiyo, historia ya nguo hizi huandikwa vizuri zaidi inapoanzia kwa fundi, hata pale ambapo sifa zote zimekwenda kwa mtindo.

Kabla ya kitambaa kuwa desturi

Wateso, ambao ndio wengi katika Buteba, pamoja na majirani wao Wasamia, Wagwe na Wajopadhola, walikuwa na mavazi yao ya heshima kabla ya pamba iliyofumwa kuenea: ngozi zilizolainishwa kwa mafuta, shanga, bangili na mapambo ya madini, na mitindo ya nywele iliyomtambulisha msichana, mwanamke aliyeolewa na mzee. Mavazi hayo yalikuwa na kanuni zake na siku zake, na aliyeyajua aliweza kusoma umri na hadhi ya mtu kwa kumtazama. Macho ya wageni, hata hivyo, hayakuona kanuni hizo, kwani Waganda waliwaita watu wa mashariki ya Busoga Bakedi, jina lililowaeleza kama watu wasiovaa nguo, na serikali ya kikoloni ililichukua jina hilo na kulifanya kuwa jina la wilaya, Bukedi, ambalo hadi leo hutumika kwa ukanda wote unaojumuisha Tororo na Busia. Ni vigumu kutaja sehemu nyingine ya Afrika Mashariki ambako suala la nguo liliandikwa katika jina la utawala wenyewe, na jambo hilo husaidia kueleza kwa nini kuvaa vizuri hadharani kulikuja kubeba uzito mkubwa miongoni mwa watu waliozaliwa chini ya jina hilo.

Kitambaa cha pamba kilifika bara kwa njia mbili. Ya kwanza ilipitia Tabora na Karagwe hadi Buganda, ambako mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika mwaka 1844, akifuatwa na wengine kutoka pwani walioleta kanzu na merikani, yaani kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi kilichofumwa Marekani. Ya pili ilitoka Mombasa ikipitia Mumias, mahali palipojulikana na misafara kwa jina la Kwa Sundu, ambako Nabongo Mumia aliwapokea wafanyabiashara wa Kiswahili kabla hawajaendelea kuelekea Busoga, na njia hiyo ilipita si mbali na nchi ya Wasamia. Hata hivyo, nguo ilienea kwa kasi zaidi baada ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, kuanza mwaka 1899 kuliweka eneo la mashariki chini ya utawala wa mawakala wa Kiganda. Mawakala hao walivaa kanzu nyeupe, na wake zao walifunga shuka za magome au za pamba, hivi kwamba kwa wenyeji wengi nguo ndefu ilionekana kwanza mwilini mwa mtoza kodi, hakimu na katekista.

Wakati huohuo mpaka ulikuwa unachorwa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Uingereza iliona ni rahisi zaidi kuiweka njia yote chini ya utawala mmoja, na mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mstari uliotokana na uamuzi huo uliwagawa Wateso na Wasamia katika nchi mbili, ukaacha koo moja ikiwa na mashamba upande huu na makaburi upande ule. Kwa historia ya nguo, matokeo ya mgawanyo huo yalikuwa makubwa kuliko yalivyotarajiwa, kwa sababu tangu hapo bei, ushuru na marufuku za nchi moja zikawa na dawa katika nchi ya pili.

Vazi lililozaliwa kwa fundi

Vazi la kwanza la sherehe lililokubalika na makabila yote ya eneo hili ni gomesi, ambalo pia huitwa busuti. Masimulizi yanayokubalika zaidi hulihusisha na Shule ya Gayaza, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) karibu na Kampala mwaka 1905 kwa ajili ya mabinti wa machifu. Wasichana wa Kiganda wakati huo walivaa kitambaa cha magome ya mti wa mutuba au shuka ya pamba iliyozungushwa chini ya makwapa na kufungwa kwa mshipi, ikiyaacha mabega wazi na kulegea kila walipoinama kulima au kufagia. Uongozi wa shule ulitaka nguo ambayo ingefunika mabega bila kuondoa umbo ambalo wazazi waliliheshimu, na kazi hiyo ikapewa fundi wa Kigoa aliyekuwa akiishi Uganda, Caetano Gomes, ambaye jina lake ndilo lililobaki juu ya vazi. Mwaka 1914, Kabaka Daudi Chwa alipotimiza umri wa kutawala, mkewe Irene Drusilla Namaganda alionekana katika vazi hilo, na kile kilichoanza kama nguo ya shule kikawa nguo ya ikulu.

Ushonaji wa gomesi unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mna uamuzi wa kifundi uliorudiwa mara nyingi baadaye. Kitambaa kinachohitajika hufikia mita 6 hivi. Sehemu ya juu hukatwa kwa shingo ya mraba na kuwekewa vifungo viwili upande wa kushoto, mikono hufanywa mifupi na kuinuliwa begani kwa ncha inayosimama, ikishikiliwa na kitambaa kigumu kinachoshonwa ndani, na sehemu ya chini ni upana mkubwa unaozungushwa mwilini na kukunjwa mbele kama shuka ya zamani. Mshipi mpana, ambao kwa Kiganda huitwa kitambaala, hufungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, ncha zake zikiteremka mbele, na ndani huvaliwa kikoyi, kitambaa ambacho asili yake ni pwani ya Waswahili, ili kuyapa makalio umbo na kuzuia hariri isishikamane na mwili. Kwa maneno mengine, fundi aliihifadhi shuka ya magome chini, akaweka blauzi ya Kizungu juu, akatumia nguo ya pwani ndani, na akaviunganisha vyote katika vazi moja ambalo bibi kizee na binti wa shule waliweza kulivaa bila aibu.

Gomesi lilipovuka Busoga na kuingia Bukedi lilipokewa na wanawake wa Kijopadhola, Kisamia na Kiteso, na kupitia ndoa na makanisa likavuka mpaka na kuonekana pia katika sherehe za upande wa Busia ya Kenya. Wanawake hawa hawakulivaa ili wawe Waganda. Walilivaa kwa sababu lilikuwa vazi lenye uzito wa kutosha kwa shughuli nzito, na kwa sababu linaposhonwa kwa kitambaa kimoja kwa ajili ya mashangazi na mama wakubwa kumi wa ukoo mmoja, lilionyesha mbele ya wageni kwamba ukoo huo una umoja na una uwezo.

Pamba, duka na baraza

Kitambaa hununuliwa kwa fedha, na fedha za eneo hili zilitoka katika pamba yenyewe. Mbegu za pamba ziligawiwa Uganda kuanzia miaka ya 1903 na 1904 kwa juhudi za mmisionari K. E. Borup na Kampuni ya Uganda, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia zao hilo lilikuwa limeshaenea katika Teso na Bukedi, ambako wakulima wadogo walilazimishwa kwanza na machifu na baadaye wakalipokea kama chanzo chao kikuu cha kodi, karo na nguo. Mavuno yalianza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, hivyo Krismasi iliangukia wakati ambapo mikono ilikuwa na fedha. Hapo ndipo desturi ya msimu wa nguo ilipoanzia: mume aliyeuza pamba alitarajiwa kurudi na kitambaa, na mwanamke au mtoto asiyekuwa na nguo mpya siku ya ibada ya Krismasi alihesabiwa kuwa ametupwa.

Maduka ya Kihindi yaliifuata pamba. Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amejenga mtandao wa maduka kutoka pwani hadi Uganda, na nyuma yake walikuja wenye maduka wadogo waliofungua biashara katika kila kituo chenye kinu cha kuchambulia pamba. Reli mpya kupitia Eldoret iliingia Uganda karibu na Malaba na kupita Tororo katika miaka ya 1920, ikafika Kampala mwaka 1931, na kwa hiyo Tororo ikawa mji wa kwanza mkubwa wa Uganda ambao majora ya kitambaa yaliufikia kutoka Mombasa. Barazani mwa maduka hayo, yaani kwenye ukumbi wa mbele uliofunikwa kwa bati, palikaa fundi na cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono au ya kukanyaga kwa miguu. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje kupimwa kwa futi ya kamba, na mara nyingi akasubiri hapohapo mpaka nguo yake ikamilike.

Baraza lilikuwa pia chuo. Vijana wa Kiafrika walianza kwa kupiga pasi ya makaa na kushona vifungo, wakaendelea na mapindo na vishimo vya vifungo, na mwisho wakakabidhiwa mkasi, kwa kuwa kukata ndiko kulikokuwa siri ya kazi: mshono mbaya huweza kufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwisha. Misheni ziliongeza njia nyingine ya kujifunza, hasa kwa wasichana. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill, ambao kazi yao ya mashariki ilikua hadi Tororo ikafanywa jimbo katika miaka ya 1950, walihimiza komunyo ya kwanza na kipaimara, yaani sakramenti ya uimarisho, ziadhimishwe kwa mavazi meupe, na gauni dogo jeupe la komunyo likawa kwa wasichana wengi nguo ya kwanza maishani iliyoshonwa kwa ajili ya siku moja tu na kutazamwa na parokia nzima.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mapato ya mishahara yaliongezeka juu ya yale ya pamba. Tororo ilipata kiwanda cha saruji, na Jinja, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, ikapata kiwanda cha Nyanza Textile Industries, kilichojulikana kwa ufupi kama Nytil, ambacho kilifuma pamba ya Uganda ndani ya Uganda. Katika elimu, Shule ya Wasichana ya Tororo ilifunguliwa mwaka 1965 kwa msaada wa serikali ya Marekani, na walimu Wamarekani wakafundisha humo. Shule za sekondari za bweni za enzi hiyo zilizoea kualikana kwa dansi za Jumamosi, ambapo wavulana wa shule moja waliletwa kwa basi hadi shule ya wasichana chini ya macho ya walimu, na sketi au gauni lililovaliwa jioni hiyo lilitayarishwa kwa wiki kadhaa. Sherehe ya wahitimu wa siku hizi ina mizizi hapo, katika jioni zilizopangwa na shule zenyewe, kabla ya filamu na runinga kuleta jina jipya.

Mpaka wakati wa dhiki

Mwezi wa Agosti 1972, Rais Idi Amin aliamuru Waasia wengi waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Kwa ushonaji wa mashariki lilikuwa pigo la aina mbili: wenye maduka walioagiza kitambaa walitoweka, na pamoja nao walitoweka mafundi wa Kigoa na Kihindi waliokuwa walimu wa kazi. Mafundi wa Kiafrika waliachiwa mabaraza, lakini hawakuwa na kitu cha kushona, kwani viwanda vilizorota na fedha za kigeni zikakauka. Mwaka huohuo sketi fupi zilipigwa marufuku kwa amri ya serikali, na baadaye marufuku ikafika kwenye wigi na suruali za wanawake, huku askari wakijipa haki ya kuwapima wanawake barabarani. Wanawake walijibu kwa gauni refu linalofika kifundoni, ambalo mitaani lilipewa jina la Kiganda Amin nvaako, yaani Amin niache. Mahitaji ya fundi yaliongezeka katika wakati ambao kitambaa kilikuwa adimu kuliko wakati wowote.

Mpaka ndio uliookoa hali hiyo. Biashara ya kuvusha bidhaa kwa siri, iliyoitwa magendo, ilipeleka kahawa Kenya na kurudisha sabuni, chumvi na kitambaa, na mji wa Busia ukawa mojawapo ya milango yake mikubwa. Vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo katika nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya forodha, wakiita kwa Kiingereza border to border, yaani kutoka mpaka hadi mpaka, na huko ndiko lilikotoka jina la bodaboda linalotumika leo Afrika Mashariki yote. Bibi arusi wa Buteba wa miaka ya 1970 alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuvaa satini iliyonunuliwa upande wa Kenya na kuvushwa chini ya kanga au ndani ya gunia la unga, kisha ikashonwa usiku kwa taa ya mafuta na fundi wa kijijini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwezi wa Desemba 1987 majeshi ya nchi mbili yalifyatuliana risasi mpakani Busia na njia ikafungwa kwa muda, lakini ndoa hazikuahirishwa kwa sababu ya serikali, na vichochoro viliendelea kupitisha kitambaa.

Mitumba na karamu ya kuaga shule

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalileta kitambaa cha namna nyingine kabisa, nguo ambazo tayari zilikuwa zimeshonwa na kuvaliwa. Mitumba, ambayo Uganda huitwa mivumba, ilifika katika marobota yaliyofungwa Ulaya na Amerika Kaskazini, na baada ya Kenya kulegeza vizuizi vyake mwanzoni mwa miaka ya 1990 masoko ya pande zote mbili yalijaa, kuanzia Gikomba mjini Nairobi na Owino mjini Kampala hadi magulio ya Busia, Malaba na Tororo. Ndani ya marobota hayo mlikuwa na magauni ya arusi, ya wasimamizi wa arusi na ya karamu za shule za Marekani, mengi yakiwa yamevaliwa mara moja tu. Kwa mara ya kwanza, hariri na lasi za hali ya juu zilipatikana kwa bei ambayo mkulima wa mahindi au mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Busia aliweza kuimudu.

Promu yenyewe ilizaliwa Marekani, ambako vyuo vya kaskazini mashariki vilianza mwishoni mwa karne ya 19 kuandaa dansi rasmi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na shule za sekondari zikaiga katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Uganda iliichukua kupitia shule za mijini, na kutoka Kampala ikasambaa hadi wilayani, ikichanganyika na karamu ya kuagana iliyokuwapo. Upanuzi wa elimu uliipa watu: elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, mwaka uleule Busia ilipotengwa na Tororo na kuwa wilaya, na elimu ya sekondari kwa wote ikafuata mwaka 2007, hivyo idadi ya wanaomaliza ikakua hata katika shule za kutwa za vijijini. Kwa kuwa mitihani ya taifa huanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, muhula wa tatu ukawa msimu wa magauni na suti, na fundi ambaye zamani aliisubiri pamba sasa huisubiri ratiba ya mitihani. Upande wa Kenya shule nyingi hufanya siku ya maombi kwa watahiniwa kabla ya mitihani, ambapo wanafunzi hubaki katika sare zao na wazazi ndio huvaa nguo za sherehe. Ndugu wa ukoo mmoja kwa hiyo wanaweza kuwa na adhimisho lilelile kwa mavazi yanayotofautiana kwa sababu ya mpaka.

Gauni la robota humfikia msichana likiwa limekatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine na kwa maadili ya mahali pengine, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoonekana waziwazi. Kwanza huligeuza ndani nje ili kuona ni kiasi gani cha kitambaa kimeachwa pembeni mwa mshono, kwa kuwa ziada hiyo ndiyo akiba yake: ikiwa ipo ataachia ubavuni, ikiwa haipo ataongeza kipande chembamba cha rangi inayokaribiana chini ya mkono, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Zipu isiyofunga huondolewa, na mahali pake hushonwa safu mbili za vitanzi vinavyopitishwa kamba kwa mkingamo mgongoni, ili gauni lilelile liweze kubanwa kwa mwembamba na kulegezwa kwa mnene, jambo linalomfaa mwenye duka la kukodisha. Pindo linaloburuta hukatwa, na kipande kilichokatwa hakitupwi: hugeuzwa kuwa mikono mifupi au ukanda wa kufunika kifua na mabega, kwa sababu magauni mengi ya karamu za Marekani huacha mabega wazi na walimu, makasisi na bibi wa msichana hawatakubali.

Kazi hiyo ni ileile iliyofanywa kwa ajili ya Gayaza. Mwaka 1905 fundi aliombwa ayafunike mabega ya wasichana wa shule bila kuharibu uzuri wa vazi walilolijua, na zaidi ya miaka 100 baadaye fundi wa Busia huombwa jambo hilohilo kwa gauni lililotoka upande wa pili wa dunia. Wanaodai kwamba promu ni uigaji mtupu, usio na chochote cha wenyeji, huitazama nguo ikiwa bado imening'inizwa sokoni, na hawaioni baada ya kupita chini ya sindano.

Lawama dhidi ya karamu hizi, hata hivyo, si za kupuuzwa. Mchango unaodaiwa kwa kila mwanafunzi, kodi ya gauni, viatu, nywele na picha huwaelemea wazazi katika muhula ambao ada ya mitihani nayo inahitajika, na mtoto asiyeweza kulipa huumia mbele ya wenzake kama alivyoumia mtoto asiye na nguo ya Krismasi wakati wa pamba. Tofauti ni kwamba zamani aibu hiyo iliangukia nyumba iliyoshindwa kugawana mavuno, na ukoo uliweza kuiziba kwa mchango, ilhali sasa huangukia msichana mmoja ukumbini. Familia nyingi zimejibu kwa njia za zamani: shangazi wa Nairobi au Kampala hutuma nguo, dada aliyeolewa hutoa gauni lake la kubadilisha, yaani lile ambalo bibi arusi hulivaa baada ya kuvua jeupe, na fundi hulipwa nusu kabla na nusu baada ya mavuno. Shule zilipofungwa kikamilifu au kwa sehemu nchini Uganda kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 kwa sababu ya korona, miongoni mwa kufungwa kwa muda mrefu kuliko kote duniani, mafundi waliotegemea sare na sherehe walipoteza misimu mingi, na hapo ilidhihirika ni kwa kiwango gani shule imeshika nafasi iliyokuwa ya pamba katika uchumi wa sindano.

Thamani ya kazi iliyopo

Sera za karibuni zimelitikisa soko lakini hazijaligeuza. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda, lakini baada ya Marekani kutishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA, Rwanda peke yake iliushikilia msimamo huo. Mwezi wa Agosti 2023 Rais Museveni wa Uganda alitangaza tena marufuku ya mitumba akiwa Mbale, kaskazini ya Tororo, bila biashara kusimama. Wakati huohuo mpaka umekuwa mwepesi zaidi: kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi mwezi wa Februari 2018 na marais wa nchi mbili, na utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa wafanyabiashara wadogo huruhusu bidhaa za eneo la Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kuvuka kwa hati fupi, hivyo gomesi lililoshonwa Tororo linaweza kuuzwa Busia ya Kenya bila kupita kichochoroni.

Mjadala kuhusu mitumba kwa kawaida huwekwa kati ya kiwanda na robota, kana kwamba hakuna mtu wa tatu, ilhali historia ya Buteba na majirani zake humweka mtu wa tatu katikati kabisa. Kiwanda cha Jinja kilipozorota, fundi alibaki. Waasia walipofukuzwa, wanafunzi wao walibaki. Magauni ya kigeni yalipoingia kwa maelfu, hayakuvalika kwa heshima mpaka yeye alipoyagusa. Kazi hiyo haijawekwa katika vitabu wala makumbusho kwa kiwango inachostahili, kwa sehemu kwa sababu hukamilika pale isipoonekana. Shule zinazoandaa karamu za kuagana zina nafasi nzuri ya kuibadilisha hali hiyo kwa gharama ndogo: kuwapa wanafunzi wao masomo ya kukata na kushona, kuruhusu gomesi na kitenge kilichoshonwa nyumbani kuhesabiwa sawa na gauni la kukodi, na kuwaalika mafundi wa gombolola kufundisha kile walichorithi kutoka barazani. Msichana atakayeingia ukumbini akiwa amelishona au kulirekebisha vazi lake mwenyewe ataondoka shuleni na cheti na kazi mkononi, na karamu aliyoigharimia mzazi wake itakuwa imelipa deni lake.